Sura ya Saba: Shangazi Anaitika

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, Inspekta alimkuta mke wa mtuhumiwa amekaa kwenye benchi lile lile la jana, mtoto wa siku kumi na moja mapajani, mfuko wa plastiki miguuni.

"Nimemletea fulana, afande," alisema yule mama. "Na mswaki."

"Koplo atampelekea. Umefika saa ngapi?"

"Mlipofungua."

Inspekta alikuwa ameshazaa wawili. Alijua mama wa siku kumi na moja hakai kwenye benchi la mbao kwa kupenda. Alimwambia Koplo amtafutie kiti chenye mgongo, akaingia ofisini kwake na kufungua faili.

Lilikuwa jembamba, na limenyooka mno. Jumanne, saa nne na dakika nne asubuhi, simu za kampuni moja ya mawasiliano zilikufa mji mzima, zikakaa zimekufa kwa dakika thelathini na nne. Ndani ya dakika hizo, seremala mmoja alikatwa mkono na msumeno wa mashine. Wenzake walipiga simu ya gari la wagonjwa mara kumi na tisa, hakuna iliyolia. Walimlaza juu ya mlango aliokuwa amemaliza kuupiga randa asubuhi hiyo, wakambeba kwa miguu, akawafia njiani.

Mtuhumiwa alikuwa fundi wa zamu kwenye kituo cha mitambo cha kampuni hiyo, mtu mpole ambaye wenzake walimwita Kimya. Maelezo yake yalikuwa mistari minne, na mstari wa mwisho ulisema: *Ni mimi niliyezima.* Nyuma yake kulikuwa na karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye kumbukumbu za mitambo, ikionyesha kwamba saa nne na dakika moja seva ya pili ilitolewa kazini, na saa nne na dakika nne ikafuata ya kwanza. Nyuma ya hiyo, barua ya onyo: Kimya alikosa kazini siku mbili bila ruhusa, siku ambazo mke wake alikuwa anajifungua. Na juu ya yote, hati ya mashtaka, imeshapigwa chapa, inangoja sahihi ya Inspekta. Kuhujumu mitambo na kusababisha kifo. Mwendesha mashtaka angeifuata saa kumi alasiri.

"Hili limejipika lenyewe, afande," alisema Koplo, aliyekuwa mzee kuliko yeye kwa miaka kumi na hakuwa na haraka ya cheo. "Chuki ipo, mkono upo, sahihi ipo. Tupakue tu."

"Chakula kilichojipika chenyewe mimi huonja kwanza."

"Basi onja haraka. Saa kumi si mbali."

Aliteremka mahabusu. Kimya alikuwa amesimama karibu na ukuta, kama mtu anayengoja kuitwa dirishani.

"Ulizima ipi?" aliuliza Inspekta.

"Mjomba."

"Nani?"

"Seva ya kwanza. Tunaiita Mjomba. Ya pili tunaiita Shangazi."

"Na Shangazi ulimzima saa ngapi?"

Kimya aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Shangazi sikumgusa."

"Maelezo yako hayasemi hivyo."

"Sikuulizwa habari za Shangazi. Niliulizwa, 'Ulizima mitambo?' Nikasema nilizima. Feni ya Mjomba ilikuwa mbovu, nikapewa kibali cha kuibadilisha. Ukitaka kubadilisha feni lazima umpumzishe. Nikampumzisha. Simu zikafa. Mtu akafa. Sasa ningesema nini?"

Inspekta alimpa ile karatasi ya kumbukumbu. Kimya aliisoma mara mbili, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Huu wa saa nne na dakika moja si wangu."

"Umeingizwa kwa jina lako la kuingilia."

"Hilo si jina langu, afande. Ni jina la zamu. Tupo sita na tunatumia hilo hilo moja."

*

Kituo cha mitambo kilikuwa jengo la ghorofa mbili lisilo na kibao, lenye viyoyozi vingi kuliko madirisha. Meneja wa Mitambo aliwapokea mlangoni, shati jeupe, barua mkononi. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na alitembea kama mtu anayejua kila swichi ilipo.

"Mama Inspekta, karibu. Hii imetoka kwa wasimamizi wa mawasiliano, nakala imekwenda kwa mkuu wako. Mkanda wenu wa polisi uondolewe saa saba mchana. Nataka kumwasha Shangazi upya na kumrudisha kazini."

"Mbona haraka?"

"Tangu Jumanne mji mzima umemwegemea Mjomba peke yake, na Mjomba ni mgonjwa. Akianguka tena, simu zinakufa tena. Safari hii watauliza mkanda uliwekwa na nani."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na Inspekta aliyasikia hivyo. Aliangalia saa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini.

"Nipe mtu wa kunionyesha mashine. Saa saba tutaongea."

Aliyepewa alikuwa fundi wa kike wa zamu ya asubuhi, msichana mwembamba waliyemwita Miwani, kwa sababu aliyovaa ilikuwa mikubwa kuliko uso. Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi ya kumfanya Koplo afunge vifungo vyote. Seva mbili zilisimama kila moja ndani ya kabati lake la chuma, na mkanda wa manjano wa polisi umezungushwa kwenye kabati la kulia.

"Niambie kama unavyomwambia mama yako," alisema Inspekta.

"Mama yangu ataniuliza kwanza nitaolewa lini."

"Mimi sitauliza."

Miwani alicheka kidogo, akalegea. "Ukipiga simu, afande, kabla haijalia upande wa pili kuna ujumbe mdogo unatangulia. Nani anapiga, anampigia nani, huyo anayepigiwa yuko wapi, wameruhusiwa? Ujumbe huo lazima ujibiwe na mmoja kati ya hawa wawili. Usipojibiwa, simu yako ni kipande cha plastiki. Hapa mbele kuna mashine nyingine ndogo, tunaiita Bawabu. Yeye ana orodha. Anasoma orodha, anagawa: huyu kwa Mjomba, huyu kwa Shangazi, huyu kwa Mjomba. Mmoja akiugua, Bawabu anamfuta kwenye orodha na kila kitu kinakwenda kwa mwenzake. Mwenye simu hata hajui."

"Kwa hiyo Jumanne, Mjomba alipopumzishwa, Shangazi alipaswa kubeba wote."

"Ndani ya sekunde mbili, tatu. Lakini hakubeba. Hakuwamo kwenye orodha."

"Na ile taa ya kijani juu ya kabati lake?"

"Hiyo inatoka kwenye kioo cha ulinzi, ile skrini kule ukutani. Kioo kinawauliza kila nusu dakika, 'Upo?' Mjomba anajibu 'Naam,' Shangazi anajibu 'Abee.' Ndivyo tunavyotaniana. Wakijibu, taa inakuwa kijani."

Koplo alimvuta Inspekta pembeni. Mkononi alikuwa na orodha ya kadi za mlango aliyoiomba pale mapokezi. "Afande, angalia hapa. Jumanne, saa nne kasoro dakika mbili, kadi ya huyu binti iliingia chumba hiki. Saa nne na dakika mbili ikatoka. Mstari wa Shangazi ni wa saa nne na dakika moja. Kimya alikuwa bado stoo akichukua feni, stoo wamethibitisha."

Inspekta alirudi kwa Miwani. Hakubadilisha sauti.

"Jumanne saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kantini. Sikuwa zamu."

"Kadi yako ilikuwa humu."

Msichana alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Niliingia mara moja."

"Kufanya nini?"

Miwani alirekebisha miwani puani. Viyoyozi viliendelea kuvuma.

"Binti," alisema Koplo kwa upole, "mimi nina mabinti wanne. Huo uso naujua. Si uso wa mtu aliyeua, ni uso wa mtu aliyevunja sahani. Sema tu."

"Nilifuata kitabu cha makabidhiano. Zamu yangu siku hiyo ilikuwa inaanza saa nane mchana na nilitaka kujaza kabla. Ukijaza mapema unapata muda."

"Ulijaza saa nne asubuhi hali ya mitambo ya saa nane mchana?"

"Wote tunafanya hivyo," alisema Miwani, sauti ikizama. "Unaandika 'Hali shwari.' Huwa ni shwari."

"Kilete."

Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, ukurasa mmoja kwa siku, mistari mitatu ya zamu tatu, na chini kabisa nafasi ya mkaguzi. Inspekta alifungua Jumanne. Zamu ya mchana, hati ya Miwani: *Hali shwari.* Siku ambayo mji ulikuwa bubu. Chini, kwa kalamu ya bluu: *Nimekagua, mashine zote mbili kazini,* na sahihi ya Meneja.

Alifungua ukurasa wa leo. Sahihi ipo. Wa kesho. Sahihi ipo. Alifunua mpaka mwisho wa mwezi. Tarehe thelathini Novemba ilikuwa bado siku kumi na sita mbele, lakini ilikuwa imeshakaguliwa.

"Anasaini lini?" aliuliza.

"Tarehe mosi. Mwezi mzima kwa mara moja. Anasema ngazi zinamuumiza magoti."

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Kama kitabu kilikuwa kinaandika mambo ambayo bado hayajatokea, basi hakikuweza kumfunga wala kumfungua mtu. Ilibaki ile karatasi ya kumbukumbu, na karatasi ilikuwa inamfunga Kimya.

Mlango ulifunguliwa. Meneja aliingia, akatazama kitabu kilichofunuliwa, akatazama saa yake.

"Saa tano na nusu inakaribia. Mama Inspekta, kwa nini tungoje saa saba? Mashine umeshaiona. Miwani, andaa kumwasha Shangazi upya."

Inspekta alitaka kukubali. Hakuwa na sababu ya kukataa, na mji ulikuwa umesimama kwa mguu mmoja. Mkono wake ulikuwa umeshashika ncha ya mkanda alipomgeukia Miwani.

"Tukimwasha upya, kitu gani kinapotea?"

"Hakuna," alisema Meneja.

"Nimemuuliza yeye."

Miwani alimtazama bosi wake, kisha akaitazama sakafu. "Hesabu, afande. Kila seva inahesabu ujumbe iliopokea tangu ilipowashwa mara ya mwisho. Ukiiwasha upya inaanza sifuri."

"Hesabu haina maana," alisema Meneja. "Hata sisi hatuisomi."

"Basi mimi nitaisoma."

Miwani alivuta kibodi. Kwa Mjomba, aliyewashwa upya Jumanne, hesabu ilikuwa zaidi ya milioni kumi na nane. Kisha akamuuliza Shangazi. Kioo kiliandika mistari miwili: muda tangu kuwashwa, siku 241 na saa 3, ujumbe uliopokewa, 694,441.

"Yule ana siku mbili tu na ana milioni kumi na nane," alisema Inspekta taratibu. "Huyu ana miezi minane na hajafika hata milioni. Hiki kioo cha ulinzi kinauliza mara ngapi kwa siku?"

"Kila nusu dakika. Mia na ishirini kwa saa." Miwani alikuwa ameshatoa simu yake na kufungua kikokotoo. "Elfu mbili mia nane na themanini kwa siku. Mara siku mia mbili arobaini na moja… Laki sita na tisini na nne elfu na themanini. Na hizo saa tatu, mia tatu na sitini." Alipiga hesabu tena tangu mwanzo. "Inakuja laki sita tisini na nne elfu, mia nne na arobaini."

"Imezidi moja."

"Hiyo moja ni mimi. Nimemuuliza hali yake sasa hivi."

Koplo alijikuna kidevu. "Nifafanulieni jamani, mimi wa mwisho darasani."

"Nina binti wa miaka sita," alisema Inspekta. "Namwita kutoka jikoni, anaitika 'Abee, mama.' Naenda chumbani namkuta kalala na viatu, kitabu hakijafunguliwa. Kuitika anaitika. Huyu Shangazi ameitika kila nusu dakika kwa miezi minane, na hakuna kazi hata moja aliyoifanya. Hajawahi kuwamo kwenye orodha ya Bawabu tangu alipowashwa."

"Mashine hukosea," alisema Meneja. "Hesabu hukwama."

"Tungoje basi."

Wote wanne wakasimama wakikodolea kioo. Miwani aliuliza tena. 694,443. Akahesabu nusu dakika kwa saa ya ukutani, akauliza tena. 694,445.

"Moja ya ulinzi na moja yangu," alisema. "Haijakwama."

Inspekta aliomba kalenda. Siku mia mbili arobaini na moja kurudi nyuma ziliangukia tarehe kumi na nane Machi, Jumatatu. Kitabu cha Machi kilitolewa kwenye kabati la nje, kikiwa na vumbi. Zamu ya asubuhi ya siku hiyo, kwa hati ya fundi ambaye Miwani alisema ameshastaafu, ilikuwa imeandika: *Shangazi aliugua saa moja na nusu, ametolewa kwenye orodha. Ametengenezwa, amewashwa upya saa mbili na nusu. Atarudishwa kwa hatua zamu ya mchana.* Zamu ya mchana ilikuwa imeandika: *Hali shwari.*

"Kwa nini 'kwa hatua'?" aliuliza Koplo.

"Ukimrudisha kwa mkupuo, simu zote zinamvamia mlangoni kwa pamoja na anaanguka tena," alisema Miwani. "Unampa kidogo, unangoja, unamwongezea. Inachukua nusu ya zamu. Kwa hiyo asubuhi walimwachia mchana. Na mchana…" Hakumalizia. Mchana ule walikuwa wameshajaza kitabu kabla ya kuingia. Chini ya ukurasa kulikuwa na kalamu ya bluu: *Nimekagua, mashine zote mbili kazini.*

"Meneja," alisema Inspekta, "Kimya alianza kazi hapa lini?"

"Sikumbuki."

"Barua yake ya uhamisho ninayo kwenye faili. Tarehe tatu Juni. Machi alikuwa anachimba mitaro ya nyaya mji mwingine."

Inspekta alitoa ile karatasi ya kumbukumbu.

"Hii karatasi uliyonikabidhi mwenyewe Jumanne jioni inasema kwamba asubuhi ile, saa nne na dakika moja, Shangazi alitolewa kazini." Aliinyoosha juu ya kibodi. "Alitolewa kwenye kazi gani?"

Meneja aliitazama karatasi kama mtu anayetafuta kosa la chapa.

"Nani ana neno la siri la kuingia kwenye kumbukumbu na kuandika?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu." Alivuta kiti cha Miwani, akakaa bila kukaribishwa. Alipoanza kusema, alisema na magoti yake. "Jumanne baada ya simu kurudi nilifungua orodha ya Bawabu. Nikaona Shangazi hayumo, na tarehe yake ni ya Machi. Nikajua swali la kwanza litakuwa, nani alikagua. Sahihi zangu ziko mia mbili na arobaini. Miaka kumi na tisa, Inspekta. Nimebakiza miwili."

"Ukaweka mstari mmoja."

"Yule kijana ana miezi mitano tu hapa. Nilifikiri watamfukuza, basi. Atapata kazi kwingine, mikono yake ni mizuri. Sikujua kuna mtu amekufa."

"Ulijua lini?"

"Jioni ile."

"Leo ni Alhamisi."

Inspekta aliikunja ile karatasi. Alimwambia Koplo apige picha kioo, kitabu cha Machi na kitabu cha Novemba, kila ukurasa, pamoja na zile kurasa za siku ambazo bado hazijafika. Miwani aliandika maelezo yake palepale, ukurasa na nusu, akaweka ndani kwamba yeye pia alijaza Jumanne mapema. Hakuna aliyemwambia aliweke hilo. Saa saba kasoro dakika tano Inspekta aliukata mkanda wa manjano kwa mkono wake mwenyewe.

*

Saa tisa alasiri Kimya alitolewa mahabusu, akaketishwa mbele ya meza ya Inspekta akiwa na fulana safi. Hati ya mashtaka ya zamani ilikuwa imepigwa mstari kutoka kona hadi kona. Inspekta alimsomea yaliyopatikana, moja baada ya jingine, bila kuongeza wala kupunguza. Kimya alisikiliza mikono ikiwa katikati ya magoti.

"Kwa hiyo uko huru," alisema Inspekta. "Utaitwa kama shahidi. Mkeo yuko nje."

Hakunyanyuka.

"Yule seremala," alisema. "Zile dakika thelathini na nne ni za nani?"

Inspekta alifunua faili. Swali hilo alikuwa ameshajiuliza, kwa sababu mtu yeyote angekuja kuuliza, na kwa sababu familia ya seremala nayo ilistahili jibu. "Nimezipanga. Nyingi ni za miezi minane ambayo Shangazi alikaa nje ya orodha. Zako ni nane. Simu zilipokufa ulijaribu kumrudisha Mjomba mara mbili kwa mkupuo, akaanguka mara zote mbili. Mara ya tatu ukaziingiza kwa mafungu na akasimama."

"Niliingiwa na hofu. Nilifungua mlango wote."

"Najua. Si kosa la jinai. Nimeliandika kwa sababu lilitokea."

Kimya aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu. "Nane," alisema. Kosa hilo lilikuwa zito, lakini lilikuwa na ukubwa wake, na mtu aliweza kulibeba.

Simu ya mezani ililia. Koplo aliipokea, akasikiliza, akaifunika kwa kiganja. "Ni yule binti. Anasema wasimamizi wamemsimamia kichwani wanataka Shangazi arudi kazini leo, na hakuna kule aliyewahi kumrudisha kwa hatua. Aliyejua amestaafu, na mwingine ni Meneja, ambaye tunaye humu ndani kwenye kiti kingine. Anauliza kama… Anasema tumwambie Kimya samahani, kisha tumuulize."

Inspekta alisukuma simu kuvuka meza.

Kimya aliishika kwa mikono miwili. "Miwani. Samahani utaniambia baadaye. Fungua orodha ya Bawabu. Muweke, lakini mpe ujumbe mmoja katika kila ishirini. Kumi na tisa zibaki kwa Mjomba. Halafu usiguse kitu, dakika kumi." Alisikiliza. "Hata wakikupigia kelele. Wakupigie, wewe ngoja."

Inspekta alitoka nje, akazungumza na mke wa Kimya maneno machache, akarudi naye. Yule mama alisimama mlangoni na mtoto, hajui kama anaruhusiwa kulia ndani ya ofisi ya polisi. Kimya alimwona. Alibana simu kwa bega, akanyoosha mikono, akapewa mtoto, akamlaza kifuani bila kukata simu.

"Sasa mmoja katika kumi," alisema kwa sauti ndogo zaidi. "Joto lake likipanda, rudi nyuma. Hakuna anayekukimbiza."

Kwenye kona ya meza, Inspekta alivuta hati mpya na kuanza kuijaza. Jina la mshtakiwa. Cheo. Kughushi kumbukumbu, kuwapotosha wapelelezi, uzembe uliosababisha kifo. Aliandika kwa uangalifu, akiweka tarehe ya leo kwenye nafasi ya tarehe. Chini yake aliandika anwani ya nyumba ya seremala, ambako angekwenda mwenyewe kesho asubuhi, maana kule walikuwa wameambiwa kwamba kuna mtu aliyefanya makusudi.

Mwendesha mashtaka alifika saa kumi kamili. Aliikuta ofisi ina mtuhumiwa wa jana akimpapasa mtoto mgongoni na kutoa maagizo kwenye simu ya polisi. Alimtazama Inspekta. Inspekta alimpa hati mpya, kidole kikiwa mdomoni, kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

Saa kumi na nusu mama mtoto alimgusa mumewe begani. "Twende nyumbani."

"Bado. Hajafika nusu." Kimya alirudi kwenye simu. "Umemuweka nusu kwa nusu? Haya. Yukoje?"

Sauti ya Miwani ilitoka kwenye simu kwa nguvu kiasi kwamba wote waliisikia. Alisema taa ni ya kijani.

"Taa achana nayo," alisema Kimya. "Nisomee hesabu."

Alisomewa. Akamwambia ahesabu dakika moja, amsomee tena. Namba ya pili ilipokuja, imeruka kwa maelfu, alifumba macho, akaweka simu chini, na akasimama polepole ili asimwamshe mtoto.